Ombi Nililomwandikia Suud

Bi Mahbuba alinijia mimi, Thabit, kwa sababu nilikuwa karani wa mahakama Unguja kabla hatujakimbilia Maskati mwaka sitini na nne, na mwandiko wangu ulikuwa bado unasifiwa. Mwanawe Suud alikuwa kifungoni ngomeni, mwezi wa saba sasa. Jirani alidai kumkuta chumbani na mwanamume, na mwanamume huyo akatorokea juu ya paa asionekane uso. Suud alikana, na alipoulizwa jina la mwenziwe akafunga mdomo. Mashahidi hawakutosha, kadhi akamfunga kwa shaka tu.

"Niandikie ombi la rehema, Thabit mwanangu," alisema. "Nnakuomba. Sina mwengine."

Aliyetorokea juu ya paa ni mimi. Miezi saba yote nilikula peke yangu, sisemi na mtu zaidi ya salamu, nikiona aibu hata kulitaja jina la Suud moyoni.

Niliandika kwa Kiarabu safi, nikajivuna. Unguja, enzi za Waingereza, ombi la rehema lilianza kwa mfungwa kukiri, ndipo aombe. Vinginevyo hakuna aliyelisoma. Basi nikaanza: Mimi Suud nimekosa, nami ninajuta. Mkono ulikwenda wenyewe. Majuto yalikuwa yangu, nami nilimtwika yeye. Mama yake akalipeleka ngomeni, na Suud, asiyejua kusoma Kiarabu, akatia dole gumba.

Wiki ya pili Bi Mahbuba akarudi mbio. Karani wa kadhi, mzee Marhoon, alikuwa amemwambia kwamba shaka imeondoka: mwanawe amekiri, na kwa kukiri huko anaweza kuuawa.

Mjinga mimi! Nimezeekea ukarani, na nusura nimuue mtu kwa mwandiko mzuri.

"Marhoon kasema mwandishi aende akaape kuwa maneno ni yake, si ya Suud. Utakwenda?"

Nilikwenda. Niliapa kwamba Suud hakunituma neno hata moja, kwamba nilifuata desturi ya Unguja bila kumuuliza. Kadhi alinitazama mpaka nikaangalia chini.

"Wewe na huyu mnajuana vipi?"

"Mama yake alikuwa jirani yetu Unguja, mtaa wa Malindi," nikasema, na huo ulikuwa ukweli. Akaichana karatasi. Siku chache baadaye akaamuru Suud aachiwe, kwa sharti aondoke nchini.

Nilifua kanzu. Nilikaa mlangoni nikimngoja, Mungu anisamehe, kama bibi harusi.

Alikuja mama yake, na sahani ya mikate ya kumimina. Suud alikuwa ameondoka jana yake, kwa mjomba wake Kuwait.

"Umenirejeshea mwanangu. Nnakushukuru, Mungu akulipe."

Nikamuuliza kama Suud aliniulizia.

"Kaniuliza." Alilivuta buibui lake magotini. Hakuwa na hasira, na ndipo nilipofahamu kwamba alijua tangu siku ya kwanza nani aliyetorokea juu ya paa, na kwamba ndiyo maana alinijia. "Nimemwambia ulikimbia mji siku ile ile, hujaonekana tena. Nani kaandika ombi, sikumwambia. Muache, Thabit. Akuchukie, asirudi, apate kuishi."

Nilitaka kumpigia kelele. Nilipokea sahani kwa mikono miwili, nikamshukuru kwa mikate.