Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Lugano

Mimi si mtu wa maji. Nimezaliwa Rungwe, kwenye migomba na mvua, na hadi kaka yangu Lugano anazama kwenye ziwa la kreta juu ya kijiji chetu, sikujua hata kuogelea. Wazamiaji walioletwa walitafuta siku mbili, wakasema chini ni giza, wakaondoka. Kwetu mwili usipopatikana huzikwa mgomba. Wanakijiji wakakata mgomba, wakauvika sanda, wakauzika kwa jina lake.

"Mimi sikuzaa mgomba!" mama alilia. "Nileteeni mwanangu!"

Nilirudi na kilio hicho Iringa, ninakofundisha shule. Nikamtafuta mzee Anord, mzamiaji mstaafu anayefundisha watu kuogelea kwenye bwawa la hoteli moja mjini. Akanicheka. "Mwalimu, na baridi hii?" Nikamwambia anifundishe, huruma abaki nayo.

Miezi ya kwanza sikufaa kitu. Hewa ya mtungi niliibugia kama mlafi wa msibani. Maji yakiingia kwenye miwani, napaparika na kukimbilia juu. Anord akanipa kazi ya nyumbani. Kila asubuhi pale Kihesa, mtaani ninakoishi, nilitumbukiza uso kwenye beseni la maji ya Julai, bila miwani, napumua kwa mrija hadi pua iache woga. Majirani walisema nimerogwa.

Kisha vikaja vijiko. Anord alipaka masizi kwenye miwani yangu, akatupa vijiko kumi bwawani nivitafute kwa kupapasa, kamba mkononi. Siku ya kwanza nilipata kimoja. Mwaka wa pili nilipata vyote, na hewa ikabaki nusu.

"Sasa kamchukue," alisema.

Tulikwenda Desemba, shule zimefungwa. Anord alishika kamba juu ya chelezo, mimi nikashuka. Mara ya tatu mkono ukagusa jaketi, na ndani yake mifupa. Bizimu ya mkanda niliijua kwa vidole, maana mkanda ule nilimnunulia mimi. Nikamkusanya kwenye mfuko, nikapanda taratibu. Nilijivuna, Mungu anisamehe.

Mama alikuwa ufukweni, mtoto wa Lugano mgongoni. Aliushika mfuko kwa muda mrefu.

"Ndaga, mwanangu. Asante," alisema. "Sasa mrudishe."

"Mama!"

"Kaburi lake lipo, na msalaba upo. Mtu hazikwi mara mbili. Kaburi la pili linaita mtu wa pili." Akamshika mtoto mguu. "Nimebaki na huyu."

"Si wewe uliyelia uletewe mwanao?"

"Nililia. Halafu nikanyamaza. Ungeniuliza kabla hujaanza kujifunza."

Hasira ilinipanda hadi nikataka kumwaga mifupa ile miguuni pake. Miaka miwili! Sikuwahi kumuuliza, ni kweli, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Nilimtazama Anord, naye akaikunja kamba yake. Pale kijijini hakuna ambaye angeshika jembe mama akiwa amekataa.

Mtungi ulikuwa na hewa bado. Nikavaa miwani, nikashuka na kaka yangu. Sikupaparika. Nilimlaza palepale, nikaweka jiwe juu ya mfuko, nikapanda.

Anord alisoma kipimo cha hewa mara mbili. Akasema tangu anifundishe sijawahi kuzamia vizuri vile.