Barakoa za Picha

Mama alikohoa mpaka akaegemea ukuta. Binti yake alisubiri, simu mkononi, kidole kikiwa juu ya neno Tuma.

Alisomea uhasibu kwa mshahara wa cherehani ya mama, na tangu ahitimu alikuwa akiomba kazi mtandaoni bila kujibiwa. Binamu yake, aliyepata kazi kwa njia hiyo, alimfundisha adabu za huko. Usimwombe mtu kazi siku ya kwanza. Pongeza kwanza, tena hadharani, wakubwa wanapenda. Na usilalamike kamwe. Wenye malalamiko hawaitwi popote.

Asubuhi hiyo meneja wa kiwanda alichoshonea mama, kabla kifua kilichojaa vumbi la vitambaa hakijamtoa kazini, alikuwa ameweka mtandaoni picha yake ya zamani akiwa na tuzo ya kulinda afya za wafanyakazi. Chini yake aliandika kwamba anatafuta mhasibu msaidizi.

"Unamwandikia nani?" mama aliuliza.

"Meneja wako. Nampongeza."

Mama aliomba simu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Nyuma ya meneja, washonaji walikuwa wameinamia cherehani, barakoa nyeupe zimewaziba nusu ya uso.

"Huyu wa pili ni mimi," akasema, kama aliyekutana na ndugu. "Siku hiyo tulipumua. Mpiga picha alipotoka tu, msimamizi akapita na boksi, akazikusanya barakoa zote."

Binti alianza kufuta alichoandika. Mama akamshika mkono.

"Ukifuta tutakula nini?"

"Mama, huyu mtu..."

"Namjua kuliko wewe. Kifua changu hakitapona kwa wewe kununa. Tuma."

Akatuma. Hongera sana, meneja. Wewe ni mfano wa kuigwa.

Jibu lilikuja kabla chai yao haijapoa. Asante sana, binti. Njoo Jumatatu kwa usaili. Hapa kwetu sisi ni familia.

Mama alitaka asomewe tena, hasa pale penye familia. Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu kilichomkunja mpaka paji la uso likagusa magoti. Binti alimsugua mgongo, akiihesabu mifupa kwa kiganja bila kutaka.

Alipopata pumzi, mama alimvuta karibu.

"Wakikuvalisha barakoa ya picha," alinong'ona, "usiirudishe. Ifiche hata kwenye sidiria."