Suruali ya Sita

Suruali ya mwimbaji haikushonwa makalioni. Ilishikizwa tu kwa uzi mwekundu, mishono mirefu ya ovyo, na fundi aliyeitengeneza alikuwa ameketi meza ya tatu kutoka jukwaani, chupa mkononi, akiwa ndiyo kwanza amelijua hilo.

Aliyemjulisha ni mkewe, naye bila kukusudia. Fundi huyu mshono wa makalioni huuacha wa mwisho. Kwanza anaushikiza kwa uzi mwekundu, mteja anajaribu, kisha anaupitisha kwenye cherehani, anachomoa ule uzi na kuutundika shingoni. Mara nyingi hulala nao. Jioni hiyo mkewe alianza kumtoa nyuzi shingoni moja moja na kuzipanga mezani kando ya karanga, akimwambia kwamba hata siku ya kuzikwa atakwenda na uzi. Nyuzi zilikuwa nne. Bendi ilikuwa na watu watano.

Hakuhitaji kujiuliza ni ya nani. Mwimbaji, kaka wa mkewe, alirudi dukani siku ya mwisho kudai aongezewe nyuma, maana tangu apimwe alikuwa ameendelea kula. Fundi akafumua, akashikiza upya, umeme ukakatika. Asubuhi mpiga ngoma akapita kuchukua suruali zote tano, zimekunjwa vizuri, na fundi akampa kwa mkono wake mwenyewe.

Mwimbaji walimwita Kanda, kwa sababu hajawahi kutunga hata wimbo mmoja. Bendi yake ilipiga nyimbo za watu, zilezile, kwa mpangilio uleule, mwaka wa tisa huu, na wateja walijua wimbo wa kwendea msalani ni wa ngapi. Wa kumi na moja haukuwa wa msalani. Katika huo Kanda huchuchumaa polepole mpaka makalio yaguse visigino, anatulia hapo kama kuku anayetaga huku gita likilia, halafu anainuka bila kushika kitu. Mtu wa miaka hamsini na mbili, kilo mia na ushee. Sauti yake ilikuwa ya kuitia mbuzi. Watu walijaa baa kwa ajili ya kule kuchuchumaa.

Sasa hivi walikuwa wimbo wa nne.

Fundi angecheka kama wengine, isingekuwa mtu aliyeketi kushotoni kwake. Alikuwa mama mwenye hoteli, naye alihitaji sare za wahudumu ishirini na wanne. Alikuja kwa jambo moja tu, kuziona sare za bendi zikifanya kazi. Nguo iliyotundikwa, alisema, kila fundi anaijua. Yeye alitaka kuona ikitoka jasho. Na fundi, tangu mwaka uanze, alikuwa hajashona nguo ya mtu zaidi ya hizi za bendi. Alikuwa anabadilisha zipu na kupunguza urefu. Cherehani yake ya pili ilikuwa imefunikwa shuka kama maiti.

Baada ya wimbo wa sita bendi ilikwenda kupumzika, au kama wasemavyo pale, Kanda akageuzwa upande wa pili. Fundi akamfuata hadi stoo ya makreti na kumweleza. Kanda akapeleka mkono nyuma, akapapasa, akaukuta uzi. Sindano haikuwepo. Mke wa fundi alikuwa amempekua mlangoni kabla hawajatoka, akamnyang'anya sindano na tepu, akisema leo anataka kutoka na mume. Basi fundi akaomba usiku huu mmoja tu asichuchumae.

"Nisichuchumae, niimbe?" Kanda aliuliza. "Shemeji, umewahi kunisikia nikiimba?"

Fundi akakiri kwamba amewahi.

"Basi."

Stoo ilikuwa na taa nyeupe kali, tofauti na zile taa za ukumbini ambazo chini yake mtu anaweza kumbusu mke wa jirani akidhani ni wake. Chini ya taa hiyo Kanda akamtazama shemeji yake kuanzia mkandani kwenda chini. Suruali ya fundi ilikuwa rangi ya damu ya mzee. Zote zilikuwa rangi ya damu ya mzee. Bendi ilikuwa imeambiwa kwamba kitambaa kimepelea, iongeze mita mbili, nayo ikaongeza. Vipande vinavyobaki ni vya fundi, hilo halina ubishi duniani kote, ila vipande vyenye miguu miwili na mifuko minne ni habari nyingine. Alikuwa ameivaa akijua taa ni hafifu, na akapanga kukaa usiku kucha miguu ikiwa chini ya meza.

Kanda akaanza kuhesabu kwa kidole, mwanamuziki mmoja mmoja, yeye mwenyewe wa tano, kidole kikaishia kwa fundi.

"Sita," alisema. "Na wewe unapiga chombo gani?"

Mpiga ngoma akacheka mpaka akakaa.

"Vua."

Wakabadilishana katikati ya makreti. Mpiga gita aligeukia ukutani kwa adabu. Mpiga ngoma hakugeuka. Suruali ya fundi ilimkaa Kanda sawasawa, kwa sababu fundi alijishonea moja kwa moja, bila kushikiza, akiacha nafasi ya kitambi cha baadaye.

Alirudi mezani kwa hatua za mtu aliyeficha mayai kwapani, akakaa ukingoni mwa kiti. Wa saba ukapita, wa nane, wa tisa, wa kumi. Ukaja wa kumi na moja. Kanda akashuka, akashuka tena, akakaa juu ya visigino, gita likalia, ukumbi mzima ukaacha kutafuna. Kitambaa kikavutika kama ngozi ya ngoma. Kisha akainuka, na mshono ukainuka naye.

Mama mwenye hoteli akamgeukia fundi. Akamwambia wote ishirini na wanne ni wake, aje Jumatatu na tepu.

Hapo hadithi ingeisha, kama Kanda asingekuwa na kipaza sauti. Akashukuru watu, akasema bendi ina mtu wa sita asiyejulikana, fundi wa sare hizi, naye asimame aonekane. Taa ikageuzwa. Fundi akakataa kwa kichwa, lakini mkewe, aliyejaa fahari kwa mara ya kwanza mwaka huo, akamwinua kwa kwapa. Akasimama mwangani na suruali yake ya damu ya mzee. Watu wakapiga makofi.

Mama mwenye hoteli hakupiga.

"Fundi," alisema taratibu. "Wao watano, wewe wa sita. Kitambaa alinunua nani?"

Uongo alikuwa nao tayari, tena uongo mzuri. Akakaa haraka ili ausemee karibu, na kule kukaa kukamaliza kazi. Uzi mwekundu uliachia, tak, tak, tak, kutoka mkandani kwenda chini, na baridi ya kiti cha plastiki ikamfikia mahali pasipostahili. Mtu aliye katika hali hiyo hana nguvu ya kudanganya.

"Wao," alisema.

Mita mbili alizirudisha kwa bendi, kwa bei ya dukani. Suruali ya sita huiona kila Jumamosi, wimbo wa kumi na moja, na si yake tena. Wahudumu ishirini na wanne wakawa kumi na wawili. Kumi na wawili wengine walipewa fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye mifuko yake hailingani lakini hesabu zake zinalingana. Hata hao waliobaki, vitambaa vyao vilikatwa jikoni kwa mama mwenye hoteli, yeye amesimama juu yake, akiokota vipande na kuvitia mfukoni. Sweta la mkewe lilifungwa kiunoni mwake mpaka nyumbani, likavutika, halivaliki. Na mkewe hakusema naye mpaka Jumatano. Siku nne.