Usingizi Juu ya Kitambaa Cheupe

Mhudumu aliponivutia kiti, niligeuka nyuma kuangalia anamvutia nani. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na tangu mama aanze kusahau, hakuna aliyewahi kunisogezea hata stuli.

Ulikuwa mkahawa wa ghorofani, wa samaki, wa watu wanaoongea kwa sauti ya chini. Vioo virefu, bandari chini yake, kreni zikiinamisha shingo kwenye jua la saa saba. Kaka yangu alikuwa amenipigia asubuhi: "Mwachie jirani mama kidogo. Tukale samaki kama watu."

Nikajua kuna jambo. Tulishakubaliana kwamba mwezi unaofuata mama angehamia kwake miezi mitatu, nami nipumue. Siku hizo nilizihesabu kama mfungwa.

Akaagiza kwa niaba yetu: kamba wa kuchoma, na samaki mzima wa mvuke. Akaongea kuhusu watoto, kuhusu bosi wake, kuhusu breki za gari. Alikuwa anazungukazunguka. Mwishowe nikamsikia, "Sasa, mdogo wangu, wifi yako anaona…"

Baada ya hapo sikusikia kitu.

Nilipozinduka usingizini, shavu langu lilikuwa juu ya kitambaa cha meza, na koti la kaka mabegani mwangu. Sahani yangu ilikuwa imefunikwa. Watu wa meza ya jirani walishaondoka, na wengine wamekaa mahali pao. Kaka alikuwa na simu yangu sikioni.

"Ndiyo, mama. Nitamwambia apitie mkate."

Akakata, akaiweka simu mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Kapiga mara ngapi?" nikauliza.

"Mara kumi na moja, kwa simu ya jirani. Anauliza baba mbona hajarudi kutoka kazini."

Baba tulimzika miaka tisa kabla ya siku ile.

"Hukumwambia amekufa?"

"Mara ya kwanza nilimwambia." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Alilia, dada. Alilia kama ndiyo kwanza anasikia."

"Ndiyo kwanza alikuwa anasikia."

Akanifunulia sahani. Samaki alikuwa amepoa, mafuta yameganda ukingoni. Nilimla hivyo hivyo, mpaka ikabaki miiba. Kaka hakugusa kitu.

"Ulikuwa unaniambia nini?"

Akanisogezea sahani yake ya kamba. "Kula," akasema.

Mwezi uliofuata alikuja na gari akamchukua mama. Alikaa naye siku thelathini na nane, si tisini. Siku aliyomrudisha sikumuuliza kuhusu zilizobaki. Alisimama mlangoni na ndevu za wiki nzima, amemshika mama chini ya kiwiko, si kwenye kifundo cha mkono ambako huwa anashtuka. Kwenye kizingiti alingoja mama atazame kwanza mguu wake mwenyewe, ndipo akapiga hatua naye.

Hilo sikuwa nimemfundisha.