Maji Yasikatike

Gusta Horvitz alifariki alfajiri ya Alhamisi. Kabla ya adhuhuri Minna alikuwa amesimama mlangoni kwa Thelma Lipkin, theluji mabegani, amekuja kuomba jambo asilokuwa na hakika nalo.

Zamani chama cha akina mama wa sinagogi kilijaza ukumbi mzima katika mji ule wa viwanda vya chuma. Sasa wa kuosha maiti ya mwanamke walibaki Minna na wale dada wawili, Lotte na Hanna. Wawili huinua maiti, wawili humimina, ndoo ya pili ikianza kabla ya kwanza haijaisha, maji yasikatike, la sivyo huanzwa upya. Watatu hawatoshi. Thelma akikataa, Gusta angepelekwa mjini Pittsburgh aoshwe na wageni, yeye aliyewaosha mama zao wote.

Thelma alimpokea koti, akamtilia chai, akamsogezea kiti karibu na moto. Kisha akasema haendi.

Minna hakushangaa. Miaka mingi nyuma, jikoni mwa sinagogi, Thelma alikoroga sufuria ya maziwa kwa upawa wa mchuzi wa nyama, na sheria ya Kiyahudi hairuhusu maziwa na nyama kugusana. Gusta alipaza sauti mbele ya wanawake wote, akamwaga chakula cha sikukuu, akauliza huyu alilelewa na nani. Thelma alivua aproni yake, akaenda zake, asikanyage tena pale.

"Upawa tu, Minna. Ungedhani nimemkoroga yeye."

"Alikukosea, mwenzangu. Lakini ile supu niliyokuletea ulipovunjika nyonga, alipika yeye. Alinikataza nisiseme."

"Nilijua. Nani mwingine anatia pilipili manga namna ile?" Thelma aliifuta meza iliyokuwa safi. "Niliinywa yote. Na sikumpelekea hata neno."

Thelma aliinuka, akaanza kutafuta viatu vyake.

Katika chumba cha kuoshea hapasemwi lolote ila sala na la lazima. Thelma alijaribu maji kwa kiwiko, kama ya kumwogeshea mtoto, akaongeza ya moto kidogo. Lotte na Hanna wakainua. Minna akamimina. Zamu ya Thelma ilipofika aliutazama uso wa Gusta, uliokuwa umepungua sana, mikono ikamgoma. Maji yakakatika.

Hakuna aliyemlaumu. Hanna, mwenye mgongo mbovu, alimlaza Gusta taratibu na kumfunika shuka. Minna akazijaza ndoo upya, na ya Thelma akaipunguza kidogo isimlemee.

"Tuanze tena," alinong'ona. "Polepole."

Mara hii maji hayakukatika.

Walimkausha, wakamvika kitani cheupe, wakamlaza katika jeneza. Ikabaki kumwomba marehemu radhi, kwa jina lake na la mama yake. Kazi hiyo ilikuwa ya Minna siku zote. Alifungua kinywa, akamtazama Thelma, akarudi nyuma hatua moja kumpisha.

"Gusta binti Sheindel," Thelma alisema, "unisamehe kama nimekukosea."

Desturi ni kusema "utusamehe", kwa niaba ya wote. Hakuna aliyemsahihisha.

Thelma alibaki ameinama, kama mtu aliyebisha hodi na anasikiliza kama kuna anayekuja. Lotte alishika kifuniko. Minna akamwashiria angoje. Wakangoja, wanawake wazee wenye magoti yanayouma, wamesimama. Mwishowe Thelma mwenyewe akashika ukingo wa kifuniko, wakafunika.