Mkate wa Wageni

"Usiniambie ni mzima," Kivuva alisema. "Nusa."

Alikuwa ameshika mkate mbele ya uso wa Mzee Mwangangi, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, karibu uguse masharubu yake. Mwenyekiti alirudisha kichwa nyuma.

"Rudisha ndani ya sanduku."

"Nusa kwanza, Mzee."

"Kivuva, wewe ni mpishi. Mimi ndiye mwenyekiti. Huo ni mkate wa wageni, rudisha."

Mikate ilikuwa kumi na minane. Ililetwa Jumamosi kwa pikapu kutoka Machakos, iliyopatikana kwa kubembelezana na watu wengi, kwa ajili ya wakubwa wa kanisa waliokuwa watoke Nairobi. Wakubwa hawakuja. Jumatatu ilifika barua: gari liliharibika, watakuja Jumapili ijayo. Sasa ilikuwa Jumatano. Mikate ilikaa katika sanduku la bati, kwenye chumba cha nyuma ya mimbari, chini ya paa lililoanza kuchoma tangu saa tatu ya asubuhi. Ufunguo ulikaa katika koti la mwenyekiti.

Huo ulikuwa mwaka wa 1984. Kalamba yote ilikuwa imekauka, mvua mbili zimekataa. Watu waliita njaa hiyo Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nimeshika, kwa sababu mtu alikuwa anaingia dukani na noti mkononi na kukuta rafu zina viberiti tu.

"Basi nipe niikate niifanye tosti," Kivuva alisema. "Nikiikausha kwa makaa itafika Jumapili na ipite. Nimefanya kazi hiyo miaka tisa kwa Mzungu wa mkonge, Kibwezi. Ukiiacha hivi, Ijumaa itakuwa na manyoya."

"Mtu atoke Nairobi nimpe mkate mgumu kama kigae?"

"Basi wape watoto wa nasari. Wageni tutawapikia isyo."

"Isyo!" Mwenyekiti alicheka, lakini macho hayakucheka. "Mkubwa wa kanisa umpe mahindi na maharagwe kama vibarua? Unataka tuchekwe mpaka Kitui? Kamati itakaa Ijumaa. Itaamua."

Alifunga kufuli, akalivuta mara mbili kuhakikisha, akapanda baiskeli yake akaenda.

Kivuva alibaki akiangalia sanduku. Aliijua kamati. Mwaka uliopita mikate mitano ilibaki baada ya wageni, na mkate wa wageni haukuguswa na mwenyeji bila wazee kukaa. Watoto walikuwa wanafukuzwa nje mkate ukikatwa. Wazee walikaa baada ya siku nane. Waliandika uamuzi wao vizuri katika kitabu, wakafungua sanduku, wakalifunga haraka. Mikate ilizikwa nyuma ya choo ili watu wasione. Aliyechimba shimo ni Kivuva.

Alienda jikoni na kupuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa.

Muda si mrefu Muthoki, mwalimu wa nasari ya kanisa, aliingia kuomba maji. Alikuwa amemshika mkono mtoto mmoja, Nthenya, mwenye miguu kama vijiti vya mtama. Midomo ya mtoto ilikuwa myeupe, na pembeni ilikuwa na wekundu.

"Ameanguka?" Kivuva aliuliza.

"Hajaanguka. Amekula chaki."

"Chaki?"

"Nilikuwa nimebaki na mbili. Amekula zote." Muthoki alimnywesha mtoto kwa kikombe. "Nimemuuliza mbona. Ati ile nyekundu ndiyo tamu."

Unga wa uji wa nasari ulikuwa umeisha wiki mbili nyuma. Kivuva alikuwa ameusugua mtungi wa unga mwenyewe, akakung'uta vumbi la mwisho ndani ya sufuria.

"Wamekuja wangapi leo?"

"Ishirini na sita. Nataka niwarudishe kwao. Hawawezi hata kusimama mstari."

"Usiwarudishe. Waimbishe."

"Waimbe na tumbo gani, Kivuva?"

"Waimbe kwa nguvu. Wimbo wenye kupiga makofi. Mpaka nikwambie wanyamaze."

Muthoki alimtazama, akatazama mlango wa chumba cha nyuma ya mimbari. Alielewa. "Usinitie katika maneno yako. Unajua watasoma jina lako."

"Najua."

Alijua vizuri. Mtu aliyegusa mali ya kanisa jina lake lilisomwa Jumapili mbele ya wote. Mtu huyo alihamia benchi la nyuma, karibu na mlango, pamoja na wapika pombe. Meza ya Bwana ilimpita. Jikoni hakurudi. Na Kivuva hakuwa na kazi nyingine, wala shamba lake halikuwa na kitu isipokuwa mawe.

Watoto walianza kuimba. Sauti zilikuwa nyembamba, lakini makofi yalisikika.

Kufuli hakuligusa. Masanduku ya bati alikuwa ameyabeba sana kule Kibwezi, na alijua kwamba mtu hufunga mbele akasahau nyuma. Aligeuza sanduku, akaweka ncha ya msumari juu ya waya ulioshika bawaba, akapiga kwa jiwe kila makofi yalipopigwa. Waya wa kwanza ulitoka. Wa pili ulikuwa na kutu, ukamchana kidole. Kifuniko kikafunguka kwa nyuma, kufuli likiwa limefungwa vilevile mbele.

Harufu ilimpanda puani. Mikate mitatu ilikuwa imeshaota kijani. Hiyo aliitupa yote, maana uozo wa mkate hauishii pale unapoonekana. Kumi na mitano ilikuwa mizima, imeanza tu kutoa jasho ndani ya karatasi.

Aliibeba jikoni, akaikata. Kisu kilikuwa chake, kimenolewa mpaka kimebaki chembamba kama jani la muhindi. Vipande vilitoka vya unene mmoja, unene wa kidole gumba, bila kupima. Juu ya jiko alilaza wavu aliousuka kwa waya za spring ya kitanda, akapanga vipande sita sita. Tosti haitaki moto mkali. Inataka makaa yaliyovaa jivu, na mtu asiyeondoka.

Mzungu wa mkonge alikuwa akila ya katikati tu. Zile kingo nne zilikatwa, zikalowekwa kwa maziwa, wakapewa mbwa wawili. Siku moja Kivuva alitia ukingo mmoja mdomoni mwake, akapigwa kofi, mwanaume mwenye watoto watatu, mbwa wakitazama. Alidhani kofi lile limeisha uhuru ulipokuja. Leo limempata tena, na mkono safari hii ni mweusi, una pete ya ndoa na unashika Biblia.

Kulikuwa na maharagwe ya jana ndani ya sufuria, yameganda. Kulikuwa na nusu kitunguu, na mafuta ya ng'ombe ndani ya mkebe, kiasi cha kukwangua kwa kijiko. Alikaanga kitunguu mpaka kikawa rangi ya chai, akamwaga maharagwe, akayaponda kwa mwiko, akapaka juu ya tosti zikiwa moto. Palipoungua alikwangua kwa mgongo wa kisu, krr, krr, unga mweusi ukianguka miguuni.

"Wanyamaze sasa!" aliita.

Waliingia jikoni, na hakuna aliyesukumana. Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Watoto wenye nguvu wangesukumana.

Nthenya alishika tosti yake kwa mikono miwili, akalamba maharagwe kwanza. Kisha akasimama, kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Umau," alisema, kwa maana watoto wote walimwita kama babu zao. "Wageni wamemaliza?"

Kivuva aligeuza vipande vilivyokuwa kwenye wavu. "Kula," alisema.

Walikuwa katika kipande cha pili baiskeli iliposimama nje. Pengine moshi ulimwita mwenyekiti, pengine harufu ya kitunguu. Hakupitia jikoni. Aliingia moja kwa moja nyuma ya mimbari, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, alitoa ufunguo. Jikoni walisikia kufuli likifunguka. Alipotokea mlangoni alikuwa amelishika kufuli mkononi kama kitu kilichomsaliti.

"Umevunja sanduku la kanisa."

"Sijavunja. Kufuli si hilo hapo, zima?"

"Kivuva! Unanifanyia mchezo?"

"Mzee, mimi nilijua..." Muthoki alianza.

"Mwalimu hajui kitu," Kivuva alimkata. "Alikuwa anafundisha nyimbo."

Mwenyekiti alitazama watoto. Wengine walificha tosti nyuma ya migongo yao. Shingo yake ilitokwa jasho, na sauti ilipotoka ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Jumapili nitawapa nini wale watu? Nisimame mbele yao mikono mitupu?"

"Mbele ya hawa umesimama mikono mitupu wiki mbili. Mbona hukuona haya?"

"Chunga mdomo wako!"

"Nimeuchunga miaka sita katika jiko hili. Nimekata mkate wa kila mgeni na sijaonja hata ganda. Nimechimba shimo lenu nyuma ya choo. Unataka nichimbe lingine leo? Nipe jembe. Lakini utamwambia huyu mwenye chaki mdomoni tunazika nini."

Mwenyekiti hakumtazama Nthenya. "Vua eproni," alisema. "Jumapili utasomwa."

"Nisome kwa sauti. Benchi la nyuma kuna baridi nzuri ya mlango."

Kivuva alivua eproni, akaitundika kwenye usukani wa baiskeli ya mwenyekiti. Alipangusa kisu kwa suruali. "Hiki ni changu." Akatoka.

Alifika kwenye ua wa mkonge uliozunguka kanisa na hasira yote bado ikiwa kifuani. Hakutaka kugeuka. Aligeuka kwa sababu pua yake ilimwambia: kwenye wavu alikuwa ameacha vipande sita, na mezani mikate tisa haijakatwa.

Kupitia mlango wa jikoni aliona yote. Muthoki alikuwa amekusanya wadogo kando ya ukuta. Mwenyekiti alisimama katikati na koti lake, kufuli mkono mmoja, ufunguo mkono mwingine. Moshi wa kwanza ulianza kupanda, mwembamba, wa buluu. Watoto ishirini na sita hawakumtazama yeye. Walitazama jiko.

"Geuza," Kivuva alisema chini chini, meno yamebana. "Geuza, mjinga wewe, zinaungua."

Mwenyekiti alitazama huku na huku akitafuta mahali pa kuweka kufuli. Akalitia mfukoni. Akakunja magoti ya suruali yake nzuri, akachuchumaa mbele ya makaa, akanyoosha vidole, akavirudisha, akavinyoosha tena.

Kwenye ua wa mkonge mkono wa Kivuva, ule wenye kidole kilichochanika, ulikuwa ukigeuza hewa.