Kandambili Chini ya Jiwe Mjane

Tangu Jumatano jioni Happiness alikuwa na donge kooni, na halikuwa donge la ugali.

Alilipata wakati wa kula. Aliwaambia watu wa nyumbani, kwa furaha yote ya mtoto wa kidato cha tatu ambaye shule haijawahi kumpeleka popote zaidi ya mchakamchaka, kwamba Ijumaa darasa la baiolojia litakwenda ziwani na miwani ya kuzamia, kuhesabu samaki wa kwenye mawe.

"Madam Esther kasema tutaanzia Jiwe Kipara," alisema.

Mkono wa baba yake, Mzee Nehemia, ukasimama juu ya bakuli la maharage. Ulisimama kidogo tu, kisha tonge likaendelea na safari yake. Akauliza kama kuna chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake, karibu imng'ate.

Hapo ndipo Happiness alipokumbuka, na donge likakaa.

Ziwa lilikuwa limefungwa. Miezi mitatu hakuna kuvua, serikali imesema samaki wapumzike wazaane, na mitumbwi yote ya pale kijijini ilikuwa imelazwa kifudifudi mchangani. Samaki walipumzika. Nehemia hakupumzika. Wavu wake wa kutega ulikuwa chini ya maji pale Jiwe Kipara, bila boya la juu, bila alama yoyote, umefungiwa jiwe kila ncha. Walioujua ni yeye, mkewe aliyekaanga, na Happiness aliyeshika kasia siku ya kuutega. Nyumbani wavu huo haukutajwa hata siku moja. Samaki walifika jikoni kama vile wamepanda kilima kwa miguu yao.

Na kulikuwa na sababu ya kutoutaja. Jirani yao Feliksi alikamatwa akiwa na wavu wiki ya pili tu ya kufungwa kwa ziwa. Wavu ulichomwa mbele ya watu, moshi wake mweusi ukaingia mpaka kwenye vitanda vya watu, na Feliksi akapandishwa gari na hajarudi. Mkewe sasa alipita nyumba kwa nyumba akiomba nguo za kufua. Kila asubuhi Happiness alipomwona na beseni lake kichwani, macho yake yalimfanyia ukorofi: yalimwonyesha uso wa mama yake chini ya lile beseni.

Alhamisi asubuhi aliamka na mambo mawili. La kwanza, kandambili zake hazikuwepo mlangoni. Zile za pinki, alizozichoma alama kwa waya wa moto walipokuwa kambi ya mitihani, ya kulia H, ya kushoto N, maana wasichana wa kambi wakikuta kandambili haina alama huona ni zawadi kutoka kwa Mungu. Alimgombeza mdogo wake Verediana mpaka mtoto akalia. La pili lilikuwa zito zaidi: amuulize baba kama ameutoa wavu, au asimuulize? Alizunguka nalo siku nzima. Kuuliza ni kutaja, na kutaja katika nyumba ile kulikuwa kama kuvua nguo sebuleni. Akaamua kutouliza. Angehakikisha tu, kwa akili zake mwenyewe, kwamba hakuna mtu atakayezama Kipara.

Ijumaa, walipofika ufukweni, Happiness alijificha nyuma ya wenzake. Ndani ya boti ya Mzee Hamdani wa Ujiji, amekaa mbele kabisa na kofia yake, alikuwa Dismasi, ofisa uvuvi, yule watu wanayemwita Bwana Samaki.

"Shikamoo, Bwana Samaki!" waliimba wanafunzi.

"Marahaba. Leo nimekuja kujifunza, msiniogope."

"Hata samaki waliambiwa hivyo hivyo," alisema Mzee Hamdani, akivuta kamba ya injini.

Madam Esther alisimama katikati ya boti akishika bega la mtu. "Mmesoma matumbawe kitabuni," alisema. "Matumbawe ni ya baharini. Hapa hamtayaona hata mkizama mpaka Kongo. Lakini kazi ile ya matumbawe, ya kuwapa samaki nyumba, chakula na mahali pa kujificha, hapa kwetu inafanywa na mawe. Jiwe moja lina wakazi wake, hawaendi kwa jirani. Kuna wanaoishi ndani ya gamba tupu la konokono. Kuna mama anayelea watoto mdomoni. Hatari ikija anafumbua kinywa, wote wanaingia, anafumba."

"Sasa anakulaje, Madam?" aliuliza Niyokwizera. Huyu alikuwa rafiki wa Happiness wa dawati moja, mtoto wa familia iliyotoka Burundi zamani na kupewa uraia, analelewa na mjomba wake Minani, naye ni mvuvi.

"Hali. Anakaa na njaa, mdomo umejaa, mpaka wakue."

Happiness alijiona yeye. Mdomo umejaa.

Jiwe Kipara likatokea mbele, limepakwa weupe na mavi ya ndege. Hakusubiri.

"Madam, pale Kipara kuna swila wa maji! Wiki iliyopita ameonekana, mnene hivi." Alionyesha unene kwa mikono miwili, akaona umezidi, akaupunguza.

Wasichana walipiga kelele. Mzee Hamdani hata hakungoja amri, aligeuza boti mara moja. "Mimi na nyoka hatujawahi kuelewana," alisema. "Kuna mawe mengi. Twende Mjane."

Jiwe Mjane lilikaa peke yake, mbali kidogo na ufukwe, lakini mtu aliyesimama nchi kavu aliliona vizuri. Pale ziwa halina huruma: upande mmoja unaona mchanga, upande wa pili bluu inaingia kwenye bluu nyeusi, na nyeusi inaendelea mpaka huko wanakokujua wenyewe. Lakini kwa Happiness palikuwa pazuri kuliko kanisani, kwa sababu wavu haukuwepo. Donge lililegea. Aliingia majini akicheka.

Sheria ilikuwa moja: wawili wawili, jaketi la kuelea mwilini, uso ndani ya maji, mrija mdomoni, na hakuna kuzama. Mmoja anahesabu, mwenzake anaandika kwenye kibao. Happiness alikuwa na Niyokwizera. Chini yao samaki wa manjano walilamba jiwe kama watoto wanaolamba sufuria. Wengine walikuwa na mistari ya punda milia. Mdogo mmoja, hazidi kidole gumba, alitoka kwenye gamba la konokono akawafukuza wote wawili na hasira zake. Happiness aliandika kumi na nne, akaandika ishirini na mbili.

Alipoinua macho aone upande wa bluu, akaona kandambili.

Ilikuwa imesimama katikati ya maji. Haikuelea juu, haikuzama chini. Imesimama tu, kama mtu asiyeonekana ameivaa na anamngojea. Ya pinki. Aliikaribia, na alama ikamtazama: H.

Baba alikuwa ameuhamisha wavu. Alisikia Jumatano kwamba watoto wanakwenda Kipara, akautoa alfajiri ya Alhamisi, akauleta mahali ambapo hakuna mtoto atakayefika. Na kwa kuwa Mjane kuna kina kirefu, wavu ulihitaji maboya zaidi ya kuushikilia wima, na kwa kuwa kandambili huelea, akachukua zilizokuwa karibu, mlangoni. Naye Happiness, kwa ulimi wake na nyoka wake wa kubuni, alikuwa amelileta darasa zima juu yake.

Sasa aliuona, maana alijua pa kutazama. Uzi mwembamba wa nailoni, wazi kama maji yenyewe, ukuta mzima wa hewa iliyofumwa, unashuka gizani.

Aligeuka amshike Niyokwizera mkono. Mkono haukuwepo. Palikuwa na jaketi la kuelea, tupu, linacheza na mawimbi.

Niyokwizera alikuwa amemwona mama mwenye watoto mdomoni. Alilivua jaketi akamfuata, karibu kimo cha mtu kwenda chini, na sasa alikuwa huko, amesimama vibaya, nywele zimesimama, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, anapiga mateke ukuta asiouona. Kila teke lilimvisha wavu zaidi. Mrija ulimtoka. Mapovu yalipanda, makubwa, kisha madogo.

Happiness alifungua mdomo kupiga kelele, ziwa likaingia.

Mtu mwingine angemshika mwenzake amvute, na wangebaki wote wawili. Lakini binti wa mvuvi anajua kwamba aliyenaswa havutwi. Unaulegeza wavu, yeye anakuja nao. Na alijua jambo moja zaidi, ambalo siku ile walijua watu wawili tu duniani. Baba yake hafungi jiwe kwa fundo la kukaza. Anafunga fundo la kuchomoa, ili akiona boti ya doria avute mkia mmoja wa kamba, jiwe lianguke, wavu upande wote kwa mara moja na yeye apotee.

Alilivua jaketi lake. Alishuka akifuata kamba, na masikio yakamuuma, na bluu ikawa nyeusi, na mikono yake ikapapasa jiwe, jiwe, jiwe, utelezi, kitu laini kilichokimbia, kamba, mkia wa kamba. Akavuta.

Fundo lilifunguka kama lilivyofunguka kila siku.

Wavu ulipanda na kandambili zake, pamoja na vipande vya kandambili za watu wote wa kijiji, na ndani yake akapanda Niyokwizera, amekunjwa kama samaki. Mzee Hamdani alikuwa ameshasikia wengine wakilia. Aliruka na nguo zake, kisu mdomoni. Walimtoa. Walimlaza kifudifudi kwenye ubao wa boti. Hakupumua. Madam Esther alimkandamiza mgongoni, akamgeuza, akampulizia, akisema "Njoo, mama, njoo, mama," na boti yote ikimtazama yule mtoto tumbo.

Ndipo akakohoa. Akatapika ziwa kwenye viatu vya Bwana Samaki.

Wakati wote wanalia na kushukuru, kila mmoja kwa dini yake, mkono wa Happiness ulifanya kazi yake chinichini. Ulichomoa kandambili yenye H kwenye kamba, ukaisukuma ndani ya fulana. Ya kushoto hakuiona.

Bwana Samaki aliiona.

Ufukweni watu walikuwa wamejaa, maana kilio hukimbia kuliko boti. Bwana Samaki alishuka na wavu begani na kandambili ya pinki mkononi. Alikuwa bado na hofu ya botini, na mtu mzima aliyeogopa mbele ya watoto hutafuta haraka wa kumkasirikia.

"N," alisoma. "Ya mwanafunzi hii, ndio wanaochoma alama. Nani hapa ana N?" Akamgeukia Niyokwizera, aliyekuwa amefunikwa kanga ya mtu, midomo myeupe. "Niyokwizera. Mjomba wako si Minani mvuvi?"

"Ndiyo, afande."

"Wenzako wote walielea, wewe ukazama. Ulifuata nini huko chini?"

"Samaki, afande. Alikuwa na watoto mdomoni."

"Ulikwenda kuangalia wavu wa mjomba! Ninyi wageni mnapewa uraia, mnatulipa hivi?"

"Yewe! Bwana Dismasi," alisema Madam Esther, "mtoto amefufuka sasa hivi!"

"Na mjomba wake atapanda gari sasa hivi."

Niyokwizera alimtazama Happiness tu. Na Happiness alitazama watu, mpaka akampata baba yake. Mzee Nehemia alikuwa nyuma kabisa, bila shati. Alipoona boti imegeukia Mjane alikuwa ameruka majini kuogelea, akarudishwa na vijana waliodhani amepandwa na wazimu. Maji yalikuwa bado yanamchuruzika. Alikuwa akihesabu watoto kwa macho, na alipofika kwa Happiness akaacha kuhesabu.

Baba na binti wakatazamana. Happiness aliona gari. Aliona moshi mweusi. Aliona beseni, na uso chini ya beseni. Kandambili ilikuwa baridi juu ya tumbo lake, na meno yake yaligongana kwa kelele ambayo alidhani kijiji kizima kinaisikia.

Akaitoa. Akaiweka mchangani miguuni pa Bwana Samaki, kichwa kikielekea ziwani, kama mtu anayezipanga mlangoni.

"Hiyo ina mwenzake," alisema. "H ni mimi. Si yeye."

Watu wa nyuma wakasogea, na Mzee Nehemia akapita katikati yao.

"Usimguse mtoto wa watu," alisema. "Wala wangu. Wavu ni wangu." Kisha akamwambia binti yake, polepole, kama watu wawili walioachwa peke yao jikoni, "Nilijua mnakwenda Kipara, mwana wanje."

"Nami nilijua uko Kipara, baba."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wavu ule kutajwa.

Baba alipandishwa gari jioni ile ile, ameazimwa shati na Mzee Hamdani, kubwa mno. Kabla ya kupanda alimwomba Minani msamaha, na Minani, aliyekuwa amefika akihema, alimshika tu bega, akamwachia. Kandambili nazo zilichukuliwa. Bwana Samaki alisema ni kielelezo, akazifunga kwa kamba, H na N pamoja.

Happiness alipanda kilima pekupeku, mawe yakiwa bado na moto wa mchana, akipanga maneno ya kumwambia mama yake na kuyapangua. Kikaango kilikuwa kimeshabandikwa, alisikia mafuta. Mlangoni alikaa Verediana, ambaye alimtazama usoni, akashusha macho mpaka miguuni, akasimama tayari kukimbia.

"Leo tena si mimi," alisema. "Naapa, dada. Mwulize baba."